Kopo la Udongo

Disemba, hapa Dundee, jua huchomoza saa tatu kasorobo.
Hata mvivu kama mimi huiwahi alfajiri.
Miaka ishirini na tisa nilioka mikate usiku.
Kiangazi alfajiri ilinipita kama basi la kwanza,
kipupwe nilitoka uso mweupe kwa unga, miguu mizito,
nikajiambia: kesho.
Kesho ni neno zuri, lina mlango mpana.
Kwangu limebaki tundu la ufunguo.

Daktari alichora kongosho kwenye karatasi,
akalipaka wino upande mmoja, akaiweka kalamu chini.
Nikamsaidia: "Ni miezi?"
"Labda mitatu. Labda Machi."
Nami nikawaza jambo la kipuuzi:
leseni ya televisheni nimeilipia hadi Juni.

Binti yangu Saumu hakukubali.
Alipiga simu Aberdeen, Leicester, mpaka kwa mjomba wa Bamburi,
akaleta habasoda, asali, maji ya Zamzam,
na majani fulani yaliyonuka kwato za mbuzi.
Nilivinywa vyote. Sikuwa nikitafuta kupona.
Nilivinywa kwa ajili ya mkono wake
uliotetemeka juu ya kijiko.

Usiku wa kwanza hospisini nilimgombeza Mungu,
kwa Kimvita, kwa sauti ya chini,
nisimwamshe Bwana Farquhar wa kitanda cha pili
anayekoroma kama mashine ya kukandia unga.
Sikupata jibu. Nilipata usingizi.
Siku nyingine nasema lile ndilo lililokuwa jibu,
siku nyingine nasema ni mofini.

Kisha maji yakakatazwa:
mpira wa dawa mkononi, ngozi imepasuka.
Nikamweleza muuguzi Eilidh
(jina la herufi sita, zinazosomeka ni tatu)
kwamba dini yetu ina mlango wa uani:
udongo mkavu, tena wenye vumbi,
maana sisi ni Mashafii, jiwe halitutoshi.
Akacheka. "Udongo mkavu? Uskochi? Disemba?"

Keshokutwa yake akaja na kopo la biskuti.
Alichimba kwenye tuta la viazi vya mama yake,
akautandaza udongo kwenye sinia, juu ya hita, mchana kutwa,
akauchekecha kwa chujio la chai,
akatoa mizizi, na nyungunyungu mmoja
akamrudisha nje kwenye baridi, akimwomba radhi.
Huyu ni mtu ambaye, asemavyo mwenyewe, hasali popote.

Nikapiga viganja. Nikapaka uso.
Ulaini ule niliujua.
Ulikuwa wa unga, saa tisa za usiku,
tanuri likinguruma nyuma yangu.
Huenda miaka yote ile nilikuwa natawadha,
nikakosa nia tu.

Nia tu.

Siku hizi nasali kwa macho.
Kope zikishuka kidogo, nimerukuu;
zikishuka zaidi, nimesujudu.
Kibla ni pembe ya dirisha,
pale taa za daraja zinapoishia gizani.
Mara nyingine nalala katikati ya sijida
na hakuna anayejua, isipokuwa Anayejua.

Usidhani siogopi. Saa nane za usiku naogopa,
naogopa kama mtoto aliyesikia paka juu ya bati.
Lakini hofu imechoka kidogo, kama mimi,
nayo hukaa chini.

Jana Saumu aliuliza, akitazama viatu vyake,
"Baba, tukurudishe Mombasa?"
Nikamwonyesha kopo.
Nikamwambia, huu tumeshafahamiana.
Mara tano kila siku unanishika usoni;
nikienda kwake hautaniuliza, wewe nani.
Alilia. Kisha akalisogeza kopo karibu na mkono wangu,
akaona vumbi limemwagika kwenye shuka,
akataka kulipangusa.

Acha, nikamwambia. Acha tu.