Vikombe Mia Tatu

Saa mbili kasorobo, Shimanzi.
Vikombe vyeupe vimepangwa mezani safu kwa safu,
kila kimoja kina nambari, hakina mwenyewe.
Leo mia tatu. Kabla ya Julai, tulipokuwa wanne,
mia ilinitosha.
Nafyonza kijiko, fyuu, naizungusha ulimini, natema.
Kahindi ayaandika nisemayo:
hii imeungua, hii changa, hii ina ukali wa chuma.

Wenzangu walipopunguzwa
nilirithishwa ndimi zao.
Mishahara yao sikurithishwa.

Hata Ramadhani nilionja nikatema,
nikimwomba Mola atenganishe
kazi na kiu.

Usiku simu yatetemeka chini ya mto:
"Mnada ni Jumanne. Usiniangushe."
Naizima. Mkono wa kushoto
waendelea kutetemeka peke yake.
Zulekha husema nasaga meno usingizini,
na kwamba juzi nilitamka wazi, kama mtu aliye macho:
mia mbili sitini na tisa, rudia.

Tudor, zahanati. Nesi Dama akanifunga kitambaa mkononi,
akabonyeza, akabonyeza tena, akamwita mwenzake aje aone.
Mia na themanini kwa mia na kumi na mbili.
"Wanywa chai nyingi, baba?"
Nikacheka mpaka kitanda kikalia.
Nesi, mimi sinywi. Mimi natema.
Akaanza: "Mficha maradhi..."
Nikamwambia naijua, malizia kuandika.

Nikarudi na vidonge vya mwezi mzima,
vyeupe, vidogo,
kitu pekee ambacho kazi hii imenipa nimeze.

Zulekha alikuwa ameinjika chai ya maziwa,
na iliki, na tangawizi aliyoitwanga mwenyewe.
Nikapokea. Nikafyonza, fyuu.
Na macho yangu, bila kuniomba ruhusa,
yakazunguka chumba kizima kutafuta pa kutemea.

Aliona.
Hakusema neno. Aliketi,
akaniwekea kiganja mgongoni kama kwa mtoto aliyepaliwa.
Sijui nilikaa na ile chai kinywani muda gani.
Muadhini wa Isha alianza, akamaliza.

Nikameza.
Ikawasha mpaka kifuani.
"Ikoje?" akauliza.
Nikatafuta neno, na yote niliyonayo ni ya kuuzia.
Simu ikatetemeka juu ya meza,
kikombe nacho kikaitika.