Gunia Moja

Miaka ishirini na sita Vuga, joho jeusi,
jasho likitiririka chini ya ukosi mweupe,
nilijifunza kuhesabu: siku za rufaa, riba, fidia,
na kurasa ambazo mteja hakuzisoma
kabla ya kutia dole gumba.

Kesi niliyoishinda kwa alama moja ya mkato
bado hunijia usiku.
Makame wa Mtambwe na mshirika wake Sleyum:
hukumu ilikuwa yangu, ada ilikuwa yangu,
wao hawakuzikana.

Leo nimeketishwa niamue, Wete, ndani ya ghala.
Muuzaji: nilipakia.
Mnunuzi: sikupokea.
Kilo mia mbili na kumi zimepotea baina ya hapa na Malindi,
na kila mmoja kaja na wakili,
na kila wakili kaja na faili nene kama mto wa kulalia.

Sikufungua faili.
Nililiomba gunia lililobaki la fungu lile lile,
nikatia mkono, nikavunja karafuu.
Haikuvunjika. Ilipinda.

Wote wawili wana wa wachumaji. Waliinamisha macho.
“Maji,” akasema mnunuzi.
“Vuli ilitukuta mikekani,” akasema muuzaji, “na meli haingoji.”

Basi. Hakuna aliyeiba.

Nikaandika nusu ukurasa. Mawakili wakatazamana:
nusu ukurasa hulipiwa ngapi?

Usiku nikakuta kikonyo kimenasa kuchani,
nikakumbuka: katika kesi ile ya Makame
hakuna hata mmoja wetu
aliyesema gunia liletwe.