Sekunde Tatu

Ukumbi wa parokia, Kadutu. Shuka ukutani.
Mvua ya batini inazishinda ngoma za filamu.

Mweze analalamika tangu mwanzo:
lulanga haisikiki, gitaa limeimeza,
na ule wimbo wa Muhungu wameukata!
Miaka ishirini ya bendi,
wanatuonyesha viatu vya mpiga besi.
Vijana wanamzomea, wanacheza wameketi.

Nsimire hatazami jukwaa.
"Rudisha, Cirhuza."
Umati, matope,
mwanamume kambeba mtoto mabegani,
anaimba, maneno anayakosea,
koti lake la manjano
ndilo alilovaa Nsimire usiku huu.
Kamera inageukia wapiga tarumbeta.

"Rudisha."

Mara ya tatu hakuna anayecheza.
Mara ya nne ni Mweze aliyesema,
macho yake kwenye shuka.