Jiwe la Tairi

Barabara ya Mwanga inateremka kama mtu aliyeitwa,
ndiyo maana baba, siku aliyofungua duka,
alibingirisha jiwe kutoka korongoni
akaliacha ukingoni, mbele ya mlango.
Halikuwa kiti wala pambo.
Lilikuwa la kuwekwa nyuma ya tairi.
"Breki ni ahadi," alisema, "jiwe ni jiwe."

Miaka ishirini na sita jiwe limekula mpira
mpaka likawa jeusi upande mmoja, kama sufuria ya msibani.
Lilizijua gari kwa uzito wake:
pikapu ya mwalimu Ntibonera wa Kasulu,
mlango wa kushoto umefungwa kwa katani;
Land Rover ya masista, inayonuka dawa na kuku;
kirikuu cha Ruzoviyo, akishashusha chumvi ya Uvinza,
hataki kurudi mtupu.

Mwezi wa nne wakaja na rangi.
Vijana wawili, ndoo, brashi, kamba ya kunyooshea.
Mstari mwekundu ukatoka kwa fundi saa
ukapita kwa muuza sanda, ukapita kwangu.
Walipofika kwenye jiwe hawakulisogeza.
Wakalipaka.
Kesho yake nguzo, na kichwani mwa nguzo
herufi moja iliyochapwa mkwaju.

Sisemi hawakuwa na sababu.
Mwaka juzi gari zilijipanga huku na huku,
bajaji iliyombeba mjamzito ikakwama katikati,
akajifungulia dukani kwangu, juu ya magunia.
Cheti kinasema Deodata.
Mtaa mzima tunamwita Chumvi.

Lakini fanya hesabu nawe, usiniachie peke yangu:
dumu moja la mawese, lita ishirini,
linaniachia elfu mbili.
Faini ni elfu thelathini.
Madumu kumi na tano, ili mtu mmoja
asimame dakika tano kununua moja.

Wametupa maegesho, ndiyo, nyuma ya soko.
Hatua mia nne na kumi na mbili.
Nimezihesabu na dumu kichwani:
mafuta hayatulii kama maji ya kisima,
yanacheza, yanakuvuta shingo upande,
na kilima hakina huruma kwa mnunuzi wa miaka sitini.
Sista Benigna alijaribu mara moja.
Sasa ananunua Gungu.

Nilikwenda ofisini na barua, na sahihi kumi na moja;
muuza sanda alikataa kutia yake,
anasema wateja wake watafika tu.
Bwana yule akasoma, akakunja, akasema,
"Mama, mji unakua."
Nikatazama viatu vyake.
Vilikuwa na vumbi jekundu, kama vyangu.

Siku hizi mteja wangu wa uhakika ni Skolastika,
yule binti wa mashine na kizibao cha njano.
Saa saba jua likichoma anakuja,
ananunua maji na andazi moja,
anakaa juu ya jiwe, anavua kiatu.
Jana akaniambia bila kuniangalia:
analipwa kwa idadi ya karatasi anazotoa,
na mtaa huu, tangu gari zikome,
hauna karatasi.
"Umekauka," akasema.
Nikamwongezea andazi. Sijui kwa nini.
Hakushukuru, na mimi sikungoja.

Tulikuwa tumenyamaza hivyo
kirikuu kilipoteremka polepole.
Ruzoviyo, mkono nje ya dirisha.
Mkono wa Skolastika ukaenda kwenye mashine,
ukarudi kwenye andazi.
Hakusimama. Alipiga honi mbili tu,
akaendelea na mteremko.

Zamani honi mbili zilikuwa na maana:
toa madumu mawili, nina haraka.
Miguu yangu ikasimama kabla yangu.