Kipimo cha Uchungu

Wiki arobaini na moja, siku nne.
Daktari Oyarzún anafunga faili,
anasema kesho saa moja asubuhi tutaanzisha uchungu,
kama mtu anayesema tutaanzisha mkutano.

Rado, mchomeleaji wa meli, hapendi.
Kwa nini mtoto asiachwe aje mwenyewe?
Maji yamepungua, namwambia. Nyumba inakauka.
Anatikisa kichwa polepole
kama anayetia sahihi mkataba bila miwani.

Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya kaunta
ya duka la dawa hapa Punta Arenas.
Kidonge hiki nakijua tangu kazi yake ya kwanza:
kulinda matumbo ya wazee dhidi ya vidonda.
Kwenye boksi kuna picha ya mjamzito
aliyekatwa na mstari mwekundu.
Mara ngapi nimeuwekea kidole mstari ule,
nikasema, mama, hiki si chako.

Leo ni changu.

Mkunga Eduvina Mansilla anakitia majini,
mililita mia mbili, anatikisa chupa
mpaka maji yashike ukungu,
ananimiminia ishirini na tano katika kikombe
ambacho mtoto angechezea chai ya uongo.
Kila saa mbili, anasema. Tukipata mikazo ya kutosha, tunaacha.
Nanywa.
Si chungu. Hata chumvi haina.
Nacheka peke yangu: dawa isiyo chungu
ndiyo imetumwa kuuleta uchungu.

Kazi ya kwanza ni kulainisha.
Asubuhi mlango wa kizazi, anasema Eduvina,
ni mgumu kama ncha ya pua;
nausubiri uwe kama mdomo.
Najigusa pua. Najigusa mdomo.
Katikati yake zilipita saa kumi,
na nje upepo ukiingia zamu,
na manispaa imefunga kamba kwenye kona za mitaa
watu wazishike wasibebwe.

Kisha dripu.
Oksitosini: jina nimeliandika kwenye leja mara elfu,
sikuwahi kulisikia likitembea mkononi,
baridi, tone, tone.
Mwili wangu unaijua kuitengeneza wenyewe,
ila leo umechelewa, na hospitali inauazima.
Kila nusu saa kidole cha Eduvina
kinapandisha namba kidogo.

Saa tatu usiku, Desemba, jua bado liko dirishani.
Mikazo mitano ndani ya dakika kumi,
wa sita ukimkanyaga wa tano kisigino.
Mkanda wa karatasi unachora milima
na chini ya milima, bonde:
mia na arobaini, mia na kumi,
tisini.

Eduvina hakupiga kelele.
Alifunga dripu. Akanilaza ubavu wa kushoto.
Akaweka kiganja tumboni, akatazama karatasi,
na mimi ninayejua dawa hii hukaa dakika chache tu damuni,
haiweki kinyongo,
ninayejua hayo kwa mtihani na kwa cheti ukutani,
nilisahau yote.
Mizani yangu ya kazini hupima sehemu ya elfu ya gramu.
Haikuwahi kupima ukimya ule.

Tisini na tano.
Mia na kumi na mbili.
Mia na thelathini na nane.
Rado alikaa sakafuni, si kwamba viti vilikosekana.

Tulipoanza tena, tulianza na nusu.
Nikamwuliza Eduvina, kati ya mkazo na mkazo,
upi ni wa dawa, upi ni wangu?
Akasema: kamba ni ya manispaa,
miguu ni yako.

Saa nane na dakika arobaini, binti,
mwekundu, mwenye hasira ya aliyeamshwa.
Wakampima: gramu elfu tatu mia moja themanini.
Nikainua kichwa kutoka kwenye mto,
nikauliza mizani ile ilirekebishwa lini.