Mkanda wa Kwato

Jumaan bin Sangur alikuja na mfuko wa lailoni,
akaumwaga juu ya meza yangu ya kukatia:
mkanda wa turubai, na kwato za mbuzi mia mbili na ushei,
nyingine zimening'inia kwa uzi mmoja
kama meno ya mtoto wa miaka saba.

"Nishonee," akasema. "Alhamisi tuna tanbura."

Suhari, mwezi wa nane. Kiyoyozi kinakohoa.
Nimeshona kanzu za maharusi, mapazia ya benki,
shuka la mtu ambaye hakujua ni lake;
sijapata kushona mbuzi ili wacheze.
Sindano ya viatu, uzi wa nta.
Kila ukwato nikiuvuta unagonga wenzake: kacha, kacha,
manyunyu juu ya bati, katika mji
unaoingoja mvua mwaka hadi mwaka.

Hakuondoka. Fundi wa matairi hajui kukaa bure.
Vidole vyake vya grisi vikaupigapiga ukingo wa meza,
na chini kwa chini, kama anayeongea na mfuko wake wa shati,
akaimba alivyoimba babake:

Bishamsa khatiya shumbi, maram bili.

Sindano ikanichoma.

"Maana yake?" nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha dukani.
Akanieleza polepole,
mtu anayefungua sanduku la marehemu mbele ya mgeni.
Bi-shamsi: naapa kwa jua.
Khatiya: hatia, dhambi.
Maram bili: tamanio lililochakaa.
Shumbi hajui. Labda mji. Labda mtu aliyezama.
Babake akifika hapo hufumba macho,
mabega yakamtetemeka,
na wanaume wazima, madereva wa malori,
hulia pamoja naye mpaka pembe inyamaze kwenye nyuzi.

Mimi nimezaliwa Wete.
Sentensi ile naijua
tangu haijavaa kilemba.

Ningeweza kunyamaza. Uongo mwingine ni stara,
nao nimewashonea watu wengi.
Lakini kidole kilikuwa mdomoni,
na damu ina ladha yake, ikanitania, nikasema:

"Bi Shemsa katia chumvi mara mbili."

"Nani?"
"Mwanamke. Mpishi. Labda alikuwa na mawazo,
labda alikuwa na mpenzi. Mchuzi ukaharibika."
"Chumvi?"
"Chumvi."
"Chumvi tu?"
"Mara mbili."

Aliutazama mkanda kama anayehesabu kwato.
Nje lori likarudi nyuma, likilialia.
Nikaanza kutafuta neno la kupooza,
kwamba huenda nimesikia vibaya, kwamba lahaja ni nyingi,
naye akainua mkono wenye grisi, nisiendelee.

"Mabega yale," akasema.
Kisha: "Basi alikuwa anacheka."

Akalirudia mara ya pili, kwa Kiarabu, kwa nguvu,
kama anampa habari mtu aliye chumba cha pili:
"Baba yangu alikuwa anacheka!"

Hakulipa siku hiyo. Nilisahau kudai.

Alhamisi nilikaa upande wa wanawake,
sahani ya halwa gotini, na ubani unaingia machoni.
Tanbura ikasimamishwa, nyuzi sita, shanga shingoni,
ngoma zikaota moto kwanza, ngozi zikakaza.
Jumaan akajifunga kazi yangu kiunoni
na nyonga zake zikaifanya inene:
mbuzi mia mbili wanashuka jabali kwa pupa.

Aliufikia mstari. Sikuupumua.
Aliuimba vilevile, umepinda, khatiya, shumbi,
hakunyoosha hata herufi.
Akafumba macho. Mabega yakatetemeka.
Mzee aliyekuwa mbele yake alijifuta kwa ncha ya kilemba.
Na mimi, niliyejua chumvi yote,
kutoka pale nilipoketi sikuweza kutofautisha.

Ukwato mmoja tu ulichomoka, ukaruka, ukaniangukia mkekani.
Sijaurudisha. Umo kwenye kopo la vifungo.
Nikitafuta cheusi cha matundu manne,
unagonga.