Ugonile

Siku ya tatu ya mafunzo, ukumbi wa kata, Kiwira.
Mvua ya Rungwe haijui ratiba:
ilianza kabla ya sala ya ufunguzi,
bati likawa linafundisha pamoja na mwezeshaji.

Bibi Ntuli alibandika karatasi ukutani,
Hatua ya Kwanza: Jenga Uaminifu.
Gundi ikagoma kwa unyevu.
Hatua ya kwanza ilidondoka mara mbili;
Ambindwile akaishikilia kwa kiwiko
huku akinakili hatua ya pili.

Ikaja zamu ya igizo.
Mimi, kwa ufupi wangu, nikapewa kuwa mtoto.
Ambindwile akaketi mbele yangu na fomu namba nne,
akasafisha koo kama msoma matokeo ya uchaguzi:
Jina kamili? Umri? Unaishi na nani?
Je, katika kipindi cha miezi sita iliyopita...
Majibu nilikuwa nayo, tuliyatunga wote wakati wa chai.
Mdomo ukawa mlango wa ghala.

"Weka fomu chini," akasema Bibi Ntuli.
"Msalimie kama mmekutana shambani."

Akainama. Ugonile?

Umelala? Ndilo neno tunalorushiana kila asubuhi
juu ya ndoo, juu ya mikungu ya ndizi,
na jibu hutoka lenyewe, miguu ikiendelea: ndaga.
Hakuna anayeulizia usingizi.
Ila mimi, pale kitini, nilikuwa na miaka tisa,
niko kwa baba mdogo, ng'ambo ya mto,
nimelazwa karibu na mlango usio na komeo,
nahesabu hatua za mtu anayerudi kilabuni.

Nikajibu: Hapana.

Kwetu salamu ile haijibiwi hivyo.
Wawili walicheka, kisha wakaacha.
Bibi Ntuli hakuandika kitu.
Aliuliza kama kuna wa kufunga dirisha;
tukasimama wote kumi na wanane kufunga dirisha moja.

Mapumziko, Ambindwile aliniachia yai lake.
Hakusema la nini.

Jumatatu nikatumwa kwa Lugano, kule juu kwenye chai.
Ana miaka kumi na miwili, na wadogo wawili wanaomwita mama
pale wanaposahau.
Alikuwa anamenya magimbi, kisu kirefu kuliko kiganja.
Fomu nilikuwa nayo ndani ya mfuko wa mbolea, isilowe.
Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa.
Ugonile?
Ndaga, akasema, macho kwenye kisu,
kama mtu anayelipa nauli.

Sikuuliza tena. Nikachukua gimbi.
Mikono ikaanza kuniwasha; akanitazama, akacheka puani,
akanisogezea majivu.
Nilikuwa kwenye gimbi la nne
alipoanza kusema habari za mlango.

Alichosema hakimo humu.
Kwenye fomu, palipoandikwa Muda Uliotumika,
nilijaza: mvua moja.
Ofisini wameirudisha. Wanataka dakika.